Vyeo vya Walimu wa Taekwondo Vihesabiwe Kabla ya Kuchapwa

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumzie jambo ambalo kwa wasomaji wengi litaonekana dogo, lakini kwa sisi wazazi tunaowapeleka watoto kwenye mazoezi ya taekwondo, mchezo wa mapigano wa Kikorea, linagusa mifuko yetu, viungo vya watoto wetu na aina ya adabu wanayofundishwa. Hivi karibuni gazeti lako lilichapisha, katika kurasa za michezo, picha ya mwalimu mmoja wa hapa Dar es Salaam akiwa amefumbata mikono kifuani mbele ya wanafunzi wake, na maelezo ya picha yakamtambulisha kuwa ni "Grandimasta, dani ya 7". Sitamtaja jina wala klabu yake, kwa kuwa hayuko peke yake katika tabia hii na sina haja ya kumfedhehesha. Hata hivyo namfahamu kwa karibu, maana binti yangu mwenye umri wa miaka 12 alifundishwa naye kwa miezi 8, na hesabu ya dani hizo 7, yaani madaraja ya mkanda mweusi, haikubali.

Nianze na hesabu yenyewe, kwa sababu ni rahisi kuliko mengine yote nitakayoyasema. Bango lililotundikwa kwenye geti la ukumbi wake mwezi Machi lilimpongeza kwa kutimiza miaka 31, na pembeni ya picha yake paliwekwa nembo ya Kukkiwon, makao makuu ya taekwondo yaliyofunguliwa tarehe 30 Novemba 1972 katika eneo la Gangnam jijini Seoul, ambako hutolewa vyeti vya dani kwa upande ule wa mchezo unaoshindaniwa katika Olimpiki. Kanuni za Kukkiwon kuhusu umri na muda wa kusubiri ziko wazi. Dani ya 1 hupewa mtu aliyetimiza miaka 15. Aliye chini ya umri huo, hata awe hodari namna gani, hupewa daraja la watoto liitwalo pum, na mkanda wake huwa nusu mwekundu na nusu mweusi. Kutoka dani ya 1 kwenda ya 2 mtu husubiri mwaka 1, kutoka ya 2 kwenda ya 3 miaka 2, kisha 3, kisha 4, kisha 5, na kutoka ya 6 kwenda ya 7 husubiri miaka 6. Ukijumlisha unapata miaka 21, nayo ukiiongeza juu ya ile 15 unapata 36. Aliyeanza utotoni kwa pum anaweza kuwahi kidogo katika dani za chini, lakini akifika kwenye ya 7 umri wa chini kabisa ni uleule wa miaka 36. Dani ya 8 hudai miaka mingine 8, na ya 9 hudai miaka mingine 9, ndiyo maana hakuna anayeifikia dani ya 9 kwa njia ya kawaida kabla ya kutimiza miaka 53. Kwa hiyo kijana wa miaka 31 anayejitangaza kuwa na dani ya 7 ni sawa na mtu wa miaka 25 anayedai ametumikia serikali kwa miaka 20.

Simlaumu sana mwandishi wako aliyeipokea namba hiyo bila kuijumlisha, kwa sababu hata mimi sikuijumlisha siku ya kwanza, nami ni mtu niliyeufunga mkanda mweusi tangu mwaka 2011. Ukumbi ulikuwa karibu na nyumbani, binti alikuwa na hamu, na mzazi aliyechoka na kazi huyaamini mabango kirahisi. Nililipa ada ya mwezi, nikanunua sare, nikalipa shilingi 60,000 za mtihani wa mkanda wa njano, na nilikuwa tayari kulipa tena kwa ajili ya mkanda wa kijani.

Kilichonizindua ni mikono ya binti yangu. Jioni moja alikuja mezani akashindwa kumega ugali, na nilipoitazama mikono yake niliona ngozi ya vifundo vya vidole imechunika, imebaki nyekundu kama imepitishwa kwenye mbuzi ya nazi. Baada ya kubembelezwa na mama yake alisimulia kwamba alikuwa ameitwa mbele ya wenzake, akaitika "Ndiyo, mwalimu", na kwa kosa la kutosema "Ndiyo, Grandimasta" akaamriwa kupiga pushapu 50 juu ya ngumi, kwenye sakafu ya saruji isiyo na mkeka, huku darasa zima likimhesabia kwa Kikorea, hana, dul, set, net, mpaka mwisho. Sipingi pushapu; nimezipiga nyingi maishani, nyingine kwa adhabu niliyostahili. Ninachopinga ni mtoto kuumizwa kwa sababu ametumia neno "mwalimu", neno ambalo katika nchi hii halijawahi kuwa tusi.

Kesho yake nilikwenda kumwona. Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, simu mkononi, naye akaendelea kukaa kwa kitambo akisubiri niiname kama wanavyoinama wanafunzi wake. Mimi nina miaka 54. Shikamoo sikuipata wala sikuidai, maana shikamoo ya kudai si shikamoo. Nilimweleza habari ya mikono ya mtoto, akanijibu kwamba huo ndio utamaduni wa Kikorea na kwamba asiyeweza kuuheshimu ampeleke mtoto wake kwenye mpira. Nikamwomba namba ya cheti chake cha dani, kwa kuwa kila cheti kinachotoka Kukkiwon kina namba, na namba hiyo huweza kuhakikiwa kupitia tovuti yao. Akasema mwanafunzi hamhoji bwana wake. Nikamkumbusha kwamba mimi si mwanafunzi wake. Ndipo akaninyooshea kidole cheti kilichokuwa ukutani, kikubwa, chenye nakshi za dhahabu na riboni nyekundu. Nilipokisogelea nikasoma jina la shirikisho nisilopata kulisikia, na chini, mahali pa saini ya rais wa shirikisho hilo, nikaikuta saini yake mwenyewe.

Kwa kuwa utamaduni wa Kikorea ndio uliotajwa kuwa kinga ya mambo haya, naomba niueleze kwa kadiri nilivyouona, maana nilisoma shahada ya uzamili mjini Daejeon kuanzia mwaka 2009 hadi 2011, na jioni zangu nyingi nilizimalizia katika ukumbi wa mazoezi uliokuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la dawa.

Neno ambalo walimu wetu wengi wanaligombania ni "sabum", nalo likiongezwa heshima huwa "sabumnim". Sabum maana yake ni mwalimu, na kwa undani zaidi ni mwalimu aliye kigezo, mtu anayetazamwa na kuigwa. Neno hilohilo ndilo lililomo katika jina la vitivo vya ualimu kwenye vyuo vikuu vya Korea, vile vinavyoitwa "sabum daehak", ambako vijana husomea kufundisha hisabati na historia kama wanavyosomea wenzao hapa kwetu katika vyuo vya ualimu. Wajapani huliandika kwa herufi zilezile za Kichina na kulitamka "shihan", na kwao hutumika kwa walimu wa ngazi za juu. Wakorea wamelishusha chini likawa jina la kazi ya kila siku, na katika ukumbi wa kawaida wa Daejeon au Busan sabum anaweza kuwa kijana wa miaka 25 anayewafundisha watoto kupiga teke la mbele na kuwafuta makamasi.

Neno la pili ni "kwanjang", ambalo hapa hupenda kutafsiriwa kana kwamba ni daraja la kiroho. Kwanjang ni mkuu wa ukumbi au jengo, basi. Mkurugenzi wa makumbusho huko Korea ni kwanjang, mkuu wa maktaba ya wilaya ni kwanjang, na mwenye ukumbi wa taekwondo anayelipa kodi ya pango na bili ya umeme naye ni kwanjang. Si dani, na haithibitishi dani. Akiuza ukumbi wake leo, aliyeununua ndiye kwanjang kesho.

Sasa nifike kwenye ile silabi ndogo ya mwisho, "nim", ambayo ndiyo kiini cha barua yangu. Wakorea huiweka nyuma ya cheo au kazi ya mtu ili kumpa heshima, nayo haibagui kama tunavyodhani: dereva wa basi huitwa "kisanim", mteja dukani huitwa "sonnim", mwalimu wa shule huitwa "sonsengnim", na mwalimu wa taekwondo huitwa "sabumnim". Lakini silabi hiyo hutoka kinywani mwa mwingine. Mwalimu wa Kikorea akijitambulisha kwa mgeni atasema yeye ni sabum wa mahali fulani, akisema yeye ni sabumnim, wasikilizaji watatazamana kama tunavyotazamana sisi mtu anapoinuka harusini na kusema, "Mimi ni Mheshimiwa fulani." Kwa hiyo mwalimu aliyechapisha fulana zenye jina lake likifuatiwa na "Sabumnim", na anayejiandika hivyo kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, hajaleta utamaduni wa Kikorea Temeke. Ameugeuza ndani nje, kama mtu aliyevaa kanzu akaanika mishono.

Yule kwanjang wangu wa Daejeon alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, mfupi, mwenye sauti ya chini. Alikuwa na dani ya 6, lakini ilinichukua miezi kulijua hilo, kwa kuwa cheti chake kilitundikwa ukuta wa nyuma ya mlango wa ofisi, na mlango ukifunguliwa kinafunikwa. Saa tisa alasiri aliendesha mwenyewe basi dogo la manjano kuwazoa watoto shuleni, akiwashika mikono mmoja mmoja wanaposhuka barabarani, kisha akapanda nao ngazi, akapanga viatu vyao kwenye rafu, akavaa sare yake na kusimama mbele ya bendera. Alipotaka kukaza mkanda uliolegea aliwapa mgongo wanafunzi na bendera pia, akaukaza, akageuka. Usiku, darasa la watu wazima likiisha, alichukua mopa akapiga deki mikeka, nasi tulipomnyang'anya mopa hiyo alikwenda kutafuta nyingine. Sikumsikia hata siku moja akituambia tumwite nani. Tulimwita "kwanjangnim" kwa sababu kila mtu aliyepanda ngazi zile alimwita hivyo, na kwa sababu isingewezekana kumwita vinginevyo.

Usiku mmoja alitembelewa na mzee aliyekuwa amemfundisha yeye ujanani. Nilikuwa mmoja wa wachache walioalikwa kula pamoja nao, na nilichokiona hapo hakijanitoka. Mzee wetu, mwenye mvi tupu kichwani, aliinama mbele ya mwalimu wake chini zaidi kuliko tulivyowahi kuinama sisi mbele yake. Akamimina kinywaji kwa mikono miwili, akapokea kikombe chake kwa mikono miwili, na kila alipotaka kunywa aligeuza uso pembeni, kama ilivyo adabu ya huko mbele ya mkubwa. Wahenga wetu walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na nadhani hawakuwa wameiona taekwondo. Kuinama niliyoisikia habari yake kwa Grandimasta wetu huanzia kwa mtoto na kuishia kwake. Sijapata kumsikia akimtaja aliyemfundisha yeye, na hilo peke yake lingetosha kunitia shaka, kwa sababu katika mchezo huu jambo la kwanza unaloulizwa ukiingia ukumbi mgeni ni nani mwalimu wako.

Naongeza kisa kimoja, kwa sababu kinaonyesha jinsi heshima inavyopandana na kushukana ndani ya saa moja. Nilipoanza nilikuwa mtu mzima na wanafunzi wengi walikuwa watoto wa shule ya msingi. Msichana wa miaka tisa mwenye mkanda wa pum alipewa kazi ya kunisahihisha kisimamo changu, naye alinisahihisha bila huruma, akinigonga goti kwa mguu wake kila nilipolinyoosha, kwa maana ndani ya ukumbi yeye alikuwa mtangulizi wangu, "sonbe", na mimi mfuasi. Tulipotoka na kukutana kwenye ngazi alisimama kando, akaniinamia kama mkubwa wake, akanisubiri nitangulie. Hakuna aliyemwamuru. Mwaka wa pili nilipofeli mtihani wangu wa kwanza wa dani kwa kushindwa kuvunja ubao, kwanjang hakusema neno. Siku iliyofuata aliniita nikamshikie ubao yule yule msichana, nao ulivunjika mikononi mwangu mara ya kwanza.

Msomaji anaweza kuniuliza kama basi vyeo vyote ni upuuzi. La hasha. Upande wa pili wa taekwondo, ule wa Shirikisho la Kimataifa lililoasisiwa na Jenerali Choi Hong Hi mwaka 1966, umefunga vyeo na dani kwa utaratibu unaojulikana: mwenye dani ya 1 hadi ya 3 ni msaidizi, "busabum", wa 4 hadi 6 ni "sabum", wa 7 na 8 ni "sahyun", na wa 9 ni "sasung". Mtu wa upande huo akijiita sahyun anakupa taarifa inayoweza kuchunguzwa. Tatizo lilianza kukua mchezo ulipogawanyika. Jina lenyewe "taekwondo" lilipitishwa tarehe 11 Aprili 1955, ili kuziunganisha shule mbalimbali ambazo baadhi ya waasisi wake, kama Lee Won-kuk na Ro Byung-jick, walikuwa wamejifunza karate nchini Japani. Halafu Jenerali Choi akahamia Kanada mwaka 1972, shirikisho jingine la dunia likaundwa Seoul mwaka 1973, na Choi alipofariki mwaka 2002 hata lile la kwake likapasuka vipande, kila kimoja kikidai ndicho halali. Katika hali hiyo aliyekataliwa huku hukimbilia kule, na anayekataliwa kote huanzisha shirikisho lake, hujichagua rais, na hujisainia cheti chenye riboni nyekundu.

Wakubwa wenyewe nao, tuseme ukweli, hawajatusaidia. Mwaka 2013 shirikisho la dunia lilimpa Rais Vladimir Putin wa Urusi dani ya 9 ya heshima, kisha likaivua mwezi Februari 2022 baada ya uvamizi wa Ukraine. Na mwezi Novemba 2021 mkuu wa Kukkiwon alimkabidhi Donald Trump dani ya 9 ya heshima huko Florida. Sina ugomvi na siasa za mtu yeyote hapa. Lakini nikimkumbuka yule mzee akipiga deki usiku baada ya miaka mingi ya kusubiri dani yake ya 6, naona uchungu kwamba ya 9 inaweza kutolewa sebuleni kwa mtu ambaye hajawahi kuvua viatu mlangoni mwa ukumbi, na naelewa kwa nini kijana wa mjini kwetu anajiambia kwamba hata yeye anaweza kujikatia yake.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Parfait Hakizimana, Mrundi aliyepoteza uwezo wa mkono mmoja kwa risasi akiwa mtoto, akakimbilia Rwanda mwaka 2015 na kuishi katika kambi ya wakimbizi ya Mahama, si mbali na mpaka wa Tanzania. Kambini humo alianzisha mafunzo ya taekwondo kwa wakimbizi wenzake, na mwaka 2021 alishiriki Michezo ya Paralimpiki ya Tokyo katika timu ya wakimbizi, mashindano ambayo ndiyo yaliyoiingiza taekwondo katika Paralimpiki kwa mara ya kwanza. Nimesoma habari zake nyingi kabla na baada ya mashindano hayo, na sikumbuki nilipokuta amejipachika cheo. Anaitwa mwanamichezo, anaitwa mkimbizi, anaitwa mwalimu. Watoto wa Mahama walimfuata wakimwona anarusha teke na mkono wake mmoja ukiwa umelala ubavuni.

Na neno "mwalimu" lenyewe, ambalo lilimgharimu binti yangu ngozi ya vidole, tulitazame vizuri. Rais wetu wa kwanza aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955 ili aingie moja kwa moja katika siasa. Baadaye aliongoza nchi kwa zaidi ya miaka 20, na angeweza kuitwa kwa cheo chochote alichokitaka, lakini watu waliendelea kumwita kwa ile kazi aliyoiacha na yeye akaridhika nayo hadi kufa. Taifa lililomwita mkubwa wake Mwalimu halihitaji kuagiza cheo kutoka nje ili kumheshimu mtu anayewafundisha watoto mateke. Anayetaka maneno ya Kikorea ukumbini ayatumie, nami nayapenda, kwa kuwa "charyot", simama wima, na "kyongnye", inama kwa heshima, ni sehemu ya mazoezi. Ila ayatumie kama Wakorea wenyewe wanavyoyatumia.

Ombi langu kwako, Mheshimiwa Mhariri, ni dogo na halina gharama. Mwandishi wa michezo anapoletewa habari ya mwalimu wa taekwondo, hapkido au mchezo mwingine wowote wa aina hiyo, amuulize mambo matatu: dani yake ni ya ngapi na ilitolewa na nani, namba ya cheti ni ipi, na nani alimfundisha. Asipopata majibu aandike "mwalimu" na jina lake, na msomaji hatapungukiwa na kitu. Klabu kuwa imesajiliwa kwa msajili wa vyama na vilabu vya michezo ni jambo jema na la lazima, lakini usajili huo unathibitisha kwamba klabu ipo kisheria. Hauhesabu miaka ya mtu kwenye mkeka. Gazeti likishachapa "dani ya 7", ukurasa huo hukatwa, huwekwa kwenye fremu, hutundikwa karibu na kile cheti chenye riboni, na mzazi mwingine akija kuuliza ataoneshwa ukurasa wenu badala ya namba.

Kwa wazazi wenzangu nina machache. Kupanda mkanda kila baada ya miezi miwili kwa malipo si maendeleo, ni ratiba ya makusanyo. Mwalimu wa kweli hataona vibaya ukimwomba namba ya cheti, kama vile dereva mwenye leseni asivyoona vibaya kuulizwa leseni. Na ukiona ukumbi ambao mwalimu hagusi ufagio, hamtaji mwalimu wake, na picha zake ukutani ni nyingi kuliko za wanafunzi, keti pembeni utazame mazoezi mawili matatu kabla hujafungua pochi. Mimi sikukaa kutazama, na ni kosa langu, wala sitalisukumia kwa mwingine.

Niliwahi kujiuliza kama nilipaswa kumnyamazia tu yule kijana, kwa kuwa ana wanafunzi wengi, baadhi yao wanashinda mashindano ya mkoa, na teke lake la kuzunguka ni zuri kwa kweli. Nimeliona na nimelisifu. Huenda ana dani ya 2 au ya 3 ya halali, na hiyo si haba hata kidogo, maana ni miaka ya jasho. Kinachosikitisha ni kwamba alichonacho kingetosha. Kizuri chajiuza, naye angeweza kuwafundisha watoto wetu kwa dani yake halisi, akaitwa mwalimu, na mimi ningekuwa wa kwanza kuinama mlangoni kwake licha ya umri wangu, kama nilivyomwinamia yule sonbe wangu wa miaka tisa.

Binti yangu hakuacha mchezo. Sasa anafanya mazoezi kwa mwalimu mwingine, mwanamama wa dani ya 2 anayefundisha kwenye ua wa shule ya msingi, juu ya mikeka ya plastiki ambayo watoto huikunja na kuibeba wenyewe jioni. Siku ya kwanza nilimuuliza angependa watoto wamwiteje. Akacheka, akasema wamwite wanavyomwita mwalimu wao wa hesabu. Kisha, akiniandikia risiti ya ada, akaigeuza na kuandika nyuma yake namba ya cheti chake cha dani kabla sijaiomba.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mzazi, dani ya 2,
Temeke, Dar es Salaam